Acheni Kuuliza Chuo ni cha Ngapi Duniani

Msimu wa maombi ya uzamili ng'ambo ukikaribia, swali la vijana wetu wa kemia hapa Mombasa huwa ni lile lile: chuo hiki ni cha ngapi duniani? Swali hili linaniuma. Orodha za kupanga vyuo kwa ubora hupima zaidi machapisho ya maprofesa na sifa ya chuo kizima. Hazikwambii kama wewe, mwanafunzi wa uzamili, utaruhusiwa kuishika mashine ya maabara.

Na mashine ndiyo habari yenyewe. Kumbukeni Owino Uhuru, pale Mikindani: mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 kwa sumu ya madini ya risasi iliyotoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Kesi kama ile husimama juu ya vipimo vya udongo na damu. Mpimaji lazima ajue kuuyeyusha udongo kwa asidi ya nitriki, apitishe sampuli tupu, isiyo na udongo, katika hatua zile zile, apime na kielelezo ambacho kiwango chake kinajulikana, ndipo aiamini tarakimu ya ICP-MS, mashine inayopima metali hata zikiwa kidogo sana. Haya hayaingii kwa slaidi. Yanaingia mkononi, mtu akiharibu sampuli na kuirudia hadi ikubali.

Kwa hivyo fungua kitabu cha moduli cha programu, yaani maelezo ya masomo yake yote, utafute tasnifu. Ujerumani, katika programu ya miaka miwili, tasnifu huwa ECTS 30 (vipimo vya Ulaya vya uzito wa masomo), yaani takriban miezi sita ya maabara. Uzamili wa mwaka mmoja Uingereza mara nyingi hubakisha miezi mitatu hivi ya kiangazi kwa utafiti; ukingoja kemikali wiki tatu, umebaki na nini cha kuandika? Kisha mwandikie msimamizi umuulize waziwazi: wanafunzi wa uzamili huendesha HPLC na GC-MS, mashine za kutenganisha na kupima kemikali, wenyewe, au humwachia fundi sampuli na kungoja karatasi ya matokeo? Jibu hilo likupe uamuzi.

Haya, nakubali: mwenye kazi inayomngoja, mwaka mmoja unamfaa, na Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hulipia.

Maombi mengi hukwama kwenye transkripti. Kamati za Ujerumani huhesabu ECTS tawi kwa tawi: kemia ya kaboni, isiyo ya kaboni, ya kifizikia, pamoja na maabara. Transkripti zetu zinaonyesha jina la yuniti na gredi, basi. Aliyesoma kemia ya viwandani anaweza kukataliwa akiwa na gredi nzuri, kwa kuwa mada za kemia ya kifizikia kama kwantumu na thamodinamiki zimefichwa ndani ya yuniti yenye jina jingine. Nenda idarani mapema, uombe maelezo ya kila yuniti: mada, saa za mihadhara, saa za maabara, na muhuri juu yake. Huko ECTS 1 huhesabiwa kuwa saa 30 za kazi, kujisomea kukiwemo.

Pesa nazo. Vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi ada, ila Baden-Württemberg huwatoza wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Viza nayo, tangu Septemba 2024, hudai uthibitisho wa euro 11,904 za mwaka. Wengi huziweka kwenye akaunti iliyofungwa, unayotolewa kidogo kidogo kila mwezi. Anayetaka kulipiwa aitazame EACH, programu ya uzamili ya Erasmus Mundus, ufadhili wa Umoja wa Ulaya: ni kemia ya uchambuzi, na mwaka wa kwanza husomwa Tartu, Estonia. Marekani usikimbilie kujilipia uzamili. Idara nyingi za kemia humchukua mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja kwenye PhD (uzamivu), zikamlipa posho kwa kufundisha maabara.