Maswali ya kijinga nayapenda, majibu ya haraka ndo siyataki

Kuna maswali ukiyauliza mbele za watu unaambiwa huna kazi ya kufanya. Kwanini kitunguu kinaliza. Kwanini jogoo anawika alfajiri na saa hana. Kwanini ukifua muda mrefu vidole vinajikunja lakini mgongo wa mkono uko vilevile. Mi haya maswali nayapenda kuliko mpira na siasa, na kila nikiyatupia kwenye grupu la WhatsApp yanakuja majibu ya aina mbili, kuna yule wa "wenzetu wanaenda mwezini we unawaza vitunguu", halafu kuna yule anayejibu hapohapo, kwa uhakika wa ajabu, kitu ambacho hajawahi kukiangalia hata siku moja. Wa kwanza hana neno, atacheka ataendelea na mambo yake. Huyu wa pili ndo ananiudhi.

Chukua hilo la jogoo. Ukiuliza utajibiwa "anaona mwanga", basi, mada imefungwa. Sasa kama anaona mwanga mbona anaanza kuwika kukiwa bado giza totoro, hata adhana bado? Wajapani wa Chuo Kikuu cha Nagoya hawakuridhika na jibu hilo, wakachukua majogoo wakayaweka kwenye taa hafifu isiyobadilika, hakuna asubuhi hakuna jioni, na majogoo yakaendelea kuwika kwa mzunguko wa karibu saa 24 kwahiyo saa wanayo, iko ndani ya mwili. Hiyo ilikuwa 2013. Mwaka 2015 wakaja na nyingine ambayo mi ndo naipenda zaidi, kwamba majogoo yakiwa pamoja anaanza kuwika mkubwa wao, halafu wanafuata wengine kwa vyeo mpaka wa mwisho, kama kikao cha ukoo vile. Na ukimtoa mkubwa, wa pili yake ndo anashika zamu ya kufungua. Watu wamefuga kuku miaka na miaka na hili lilikuwa linatokea uani kila alfajiri, ila jibu la "anaona mwanga" lilikuwa limeshatosha.

Vidole navyo vivyo hivyo. Jibu la mtaani ni kwamba ngozi imenyonya maji ikavimba. Linaingia akilini kabisa, tatizo ni kwamba tangu miaka ya 1930 madaktari walishaona kidole ambacho mshipa wake wa fahamu umekatika hakijikunji hata ukikilowekaje. Ingekuwa ni maji tu kunyonywa kingejikunja kama wenzake. Kumbe ni mwili wenyewe unaamua, mishipa ya fahamu inaibana mishipa midogo ya damu, nyama ya ndani inapungua ujazo, ngozi ya juu inajikunja. Faida yake nini sasa? Watu wa Chuo Kikuu cha Newcastle kule Uingereza walijaribu 2013, wakawapa watu gololi zilizolowa wazihamishe, wenye vidole vilivyojikunja wakawa wepesi zaidi. Baadaye wengine wakarudia jaribio lao na hawakuona tofauti hiyo. Kwahiyo hapo mjadala upo, na mi nauheshimu mjadala kuliko lile jibu la sekunde kumi.

Kitunguu sitakaa nacho sana. Ukikikata unapasua vijumba vidogo vidogo, vitu vilivyokuwa vimetengana vinakutana, inatoka gesi inayopanda machoni na jicho linatoa machozi ili kuiosha. Ndo maana kisu butu kinaliza zaidi, kinakiponda kitunguu badala ya kukikata. Nenda kanoe kisu chako, wala usinisikilize mimi, utajionea.

Na hapo ndo kwenye hoja yangu yenyewe. Swali dogo lina kitu kimoja ambacho swali kubwa halina, unaweza kulipima mwenyewe na vitu vya jikoni. Mambo ya mwezini huwezi kuyapima, utamuamini aliyeenda. Lakini haya ya kitunguu, ya jogoo, ya vidole, unaweza, halafu bado tunayajibu kwa kusikia tu.

Kuna daktari mmoja wa Marekani, Donald Unger, ambaye utotoni mama yake na mashangazi walikuwa wanamwambia akivunja vunja vidole vikalia ta-ta-ta atakuja kupata ugonjwa wa viungo uzeeni. Bibi zetu nao wanasema hivyohivyo. Jamaa hakubisha, hakukubali pia, aliamua kuvunja vya mkono wa kushoto tu, kila siku walau mara mbili, wa kulia akauacha kwa ajili ya kulinganisha, akaenda hivyo miaka zaidi ya 50! Mwaka 1998 akaandika kwenye jarida la kitabibu kwamba mikono yote miwili haina ugonjwa wowote. 2009 wakampa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza halafu ndo ukufikirishe. Sawa, ni mtu mmoja, huwezi kusema umeshafunga kesi ya dunia nzima kwa mikono miwili ya mzee mmoja. Ila amefanya kuliko wote wanaotoa onyo hilo tukijumlisha.

Lakini kwa sisi huku, mtu wa kumtaja kwenye mada hii ni Erasto Mpemba, na inanishangaza kwamba nje anajulikana kuliko hapa kwao. Mwaka 1963 yuko kidato cha tatu Magamba, Lushoto, wanafunzi wanatengeneza aiskrimu zao za maziwa. Utaratibu ni unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe ndo uweke kwenye friji, na nafasi friji ni za kugombania. Siku hiyo mwenzake kakurupuka kaweka ambayo hata hayajachemshwa ili asikose trei, Mpemba akaona akisubiri ya kwake yapoe atakosa, akayaweka yakiwa ya moto vilevile. Baada ya saa moja na nusu ya kwake yameganda, ya mwenzake bado uji uji.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa umechanganyikiwa wewe, haiwezekani. Baadaye akakutana na rafiki yake anayeuza aiskrimu Tanga mjini, yule akamwambia mbona sisi tunaweka za moto siku zote ili zigande haraka. Yaani wauzaji walikuwa wanalijua kwa biashara yao, wala hawakuhitaji ruhusa ya mtu! Akafika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu, na tangu hapo darasa likawa linamtania, akikosea hesabu wanasema hiyo hesabu ya Mpemba. Kijana hakuacha. Aliingia maabara ya baiolojia ilipokuwa wazi akajaribu kwa maji. Siku akaja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, akamuuliza swali lilelile mbele ya watu wote, wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, alisema akirudi atalijaribu. Alimpa kazi fundi wa maabara, na fundi akarudi na habari kwamba kweli ya moto imetangulia kuganda, lakini asiwe na wasiwasi, wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Hapo nacheka kila nikikumbuka, maana huyo fundi ndo sisi wote. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha pamoja na leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba dunia nzima.

Sasa kuna wanaosoma hapo wanafunga, "unaona, Mtanzania kawashinda wazungu", wanaforwadi. Taratibu jamani. 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya kwa makini wakasema hawakuupata ushahidi wa maana, na wakaonesha kwamba ukisogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini unaweza kujipatia matokeo unayoyataka. Wengine bado wanasema lipo kwenye mazingira fulani. Kwangu hiyo haimpunguzii Mpemba kitu, swali ambalo watu wazima wenye maabara bado wanagombana nalo zaidi ya nusu karne baadaye halikuwa la kijinga. Kinachopungua ni raha ya wale wanaopenda jibu liwe moja na liwe fupi.

Na hao ndo haohao wanaotutumia kila wiki "je wajua tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo", uongo mtupu, ubongo wote unafanya kazi hata ukiwa umelala. Au Ukuta wa China kuonekana kutoka angani kwa macho, wakati Yang Liwei, Mchina wa kwanza kwenda huko mwaka 2003, alirudi akasema hakuuona. Angekuwa na kila sababu ya kusema ameuona!

Anayetaka kupima la Mpemba nyumbani, chukua vikombe viwili vya aina moja, maji ujazo uleule, kimoja ya moto kimoja ya kawaida, uviweke kwenye friza pamoja. Kama friza lako lina ukoko wa barafu liyeyushe kwanza, kwa sababu kikombe cha moto kitauyeyusha kikae kwenye bati lenyewe, cha pili kitabaki kimekaa juu ya barafu, na hapo hujapima maji, umepima ukoko. Wala usifungue mlango kila dakika kuchungulia, hasa kama friza ni la mtu mwenye biashara yake ya barafu za ubuyu.