Kukata ekzosi ya bodaboda: pikipiki inapata nguvu au inapata sauti?

Kwenye vijiwe vya bodaboda hakosekani anayesema ekzosi ya kiwandani "inaibana" pikipiki. Dawa yake inajulikana: fundi anashika grinda, anakata sentimita 10 au 15 za mkiani, anang'oa vibati vya ndani, anachomelea kipande cha bomba, na Boxer iliyokuwa mpole inaondoka ikinguruma. Mwenye nayo anaapa kwamba imekuwa nyepesi. Wanaokaa karibu na kijiwe wanasema imekuwa kero. Kuhusu kero hakuna wa kubishana nao. Kuhusu wepesi, ukweli upo, ila umechanganyika na mambo mengine.

Wanaokata wana hoja ya maana. Moshi usipotoka vizuri, sehemu yake hubaki ndani ya silinda na kuchukua nafasi ya hewa na petroli mpya. Sailensa nyingi za kiwandani zimegawanywa vyumba: moshi unaingia cha kwanza, unageuzwa kwa kibomba, unapita cha pili, ndipo unatoka. Kila kona ina gharama yake, na kiwanda kinaikubali ili kelele ishuke. Ukiviondoa vyumba hivyo, injini inaweza kuongeza nguvu kidogo ikiwa kwenye resi ya juu, yaani ikizunguka kwa kasi. Hata pikipiki za MotoGP, mashindano ya dunia ya mbio, watakwambia, zina ekzosi fupi.

Mfano wa MotoGP ndio unaowapoteza wengi. Injini zile huzunguka zaidi ya mara 15,000 kwa dakika, na urefu wa mabomba yake, kutoka kwenye silinda hadi mwisho, umepigiwa hesabu. Kifupi ni kile kipande cha nyuma unachokiona kwenye televisheni. Boxer ya 150 hutoa nguvu za farasi 12 hivi ikikaribia mizunguko 7,500, na mvuto wake mkubwa uko chini zaidi, kwenye mizunguko 5,000 hivi. Bodaboda anayepanda kutoka Mombo kwenda Soni na mshikaki wa abiria mgongoni hana shida na mizunguko 7,500. Anachotaka ni injini isiyokata pumzi kwenye kona akiwa gia ya pili.

Hapo ndipo urefu wa bomba unapoingia. Valvu ya kutolea moshi inapofunguka, moshi hautoki kama maji ya mfereji tu. Mshindo wake hutuma wimbi la mgandamizo ndani ya bomba, likienda mita 500 hivi kwa sekunde kwa sababu ya joto. Likifika mahali bomba linapopanuka au kuisha, wimbi hugeuka na kurudi likiwa la kuvuta. Likirudi kwenye silinda wakati valvu zote mbili, ya kuingizia na ya kutolea, ziko wazi, linasaidia kufyonza moshi uliobaki na kukaribisha mchanganyiko mpya. Likirudi wakati mwingine, halisaidii, au linaharibu. Bomba refu hulirudisha wimbi kwa wakati unaofaa resi za chini na za kati; bomba fupi husogeza faida hiyo juu. Kwa hiyo ule usemi kwamba "injini inahitaji kubanwa ili ivute" si sahihi. Injini haihitaji kubanwa. Inahitaji moshi uende kwa kasi na wimbi lirudi kwa wakati.

Swali la maana basi ni hili: umekata wapi? Ekzosi ina sehemu mbili. Kuna bomba jembamba linalotoka kwenye injini na kupinda kuelekea nyuma, na kuna sailensa, ile sehemu nene. Sehemu kubwa ya kazi ya wimbi huishia pale bomba jembamba linapoingia kwenye chumba cha kwanza. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila mzunguko huchukua sehemu moja ya mia ya sekunde, na kwa muda huo wimbi limeshatembea mita 5 hivi. Sentimita 10 za mkiani mwa sailensa ni kitu kidogo mbele ya umbali huo. Athari yake kwenye nguvu ni ndogo, kwa mema au kwa mabaya, ila kelele inaongezeka sana. Lakini ukikata bomba jembamba lenyewe, au ukafuta vyumba vyote ukabaki na bomba tupu, umehamisha nguvu kutoka mahali unapoitumia kutwa nzima kwenda mahali usipofika.

Mbona basi wengi wanasema kwa dhati kwamba imekuwa nyepesi? Sidhani kama wanadanganya. Kila lita ya petroli inayoungua huzaa karibu lita moja ya maji, yanayotoka kama mvuke. Pikipiki ya safari fupi fupi haipati muda wa kuipasha moto sailensa yote. Maji yanabaki ndani na kutu inaanza kula. Vibati vinakatika na kulala njiani, ukiitikisa unavisikia vikigongana. Injini yenye ringi za pistoni zilizokwisha inaongeza masizi ya oili juu yake. Ekzosi ya namna hiyo imeziba kweli, na ukiikata pikipiki inafunguka kweli. Ila hapo umelinganisha ekzosi iliyokatwa na ekzosi mgonjwa. Ukiweka sailensa nzima, mpya, utapata wepesi uleule bila kelele, na ringi zilizokwisha bado zitakuwa zimekwisha. Wakati mwingine hata ekzosi haihusiki: ea klina (chujio la hewa) imejaa vumbi la barabara ya udongo, na hakuna aliyeifungua.

Gharama nyingine hujificha kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli. Moshi ukipata njia pana zaidi, hewa inayoingia nayo inaweza kuongezeka, lakini jeti, tundu linalopitisha petroli, ni ileile. Mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi kuliko petroli, injini inachemka zaidi, na valvu ya kutolea moshi ndiyo inayoumia kwanza. Ukiachia mafuta kwenye mteremko na ekzosi ikaanza kupiga baruti, wengine hufurahia. Mara nyingi hiyo ni dalili ya mchanganyiko kuwa na petroli kidogo au ya kiungo kinachovuja.

Pikipiki za tustroki (zenye injini inayowaka kila mzunguko), kama Yamaha DT za zamani, hazina mjadala kabisa. Kwazo ekzosi ni sehemu ya injini: umbo lake pana katikati na jembamba mwishoni hurudisha ndani ya silinda mchanganyiko uliotaka kutoroka. Mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha pikipiki cha MZ, Ujerumani Mashariki, aliliendeleza jambo hilo miaka ya 1950. Mwaka 1961 dereva wake, Ernst Degner, alitorokea Magharibi na ujuzi huo akaupeleka Suzuki. Mwaka uliofuata Suzuki ikatwaa ubingwa wa dunia wa cc 50. Ukikata ekzosi ya DT umekata injini.

Ile hoja kwamba kelele inaokoa maisha, kwa sababu wenye magari wanakusikia, nayo naiona dhaifu. Uchunguzi wa mtafiti Harry Hurt uliotolewa Marekani mwaka 1981, uliohusu ajali 900 za pikipiki, ulionyesha kuwa zaidi ya robo tatu ya hatari zilikuwa mbele ya dereva. Ekzosi inaelekeza sauti nyuma. Anayeisikia kwa ukamilifu ni dereva mwenyewe, aliyekaa juu yake tangu alfajiri. Sauti ya desibeli 85 (kipimo cha ukali wa sauti) huhesabiwa salama kwa saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka 3 muda huo unakatwa nusu, kwa hiyo kwenye 94 imebaki saa moja.

Ambaye bado anataka kukata, apime kwanza. Kilima kilekile, abiria yuleyule, gia ya tatu, ahesabu kwa simu sekunde za kutoka kilomita 30 hadi 60 kwa saa, kabla na baada. Kisha afungue plagi. Ikiwa ya kahawia hafifu, sawa. Ikiwa nyeupe, jeti haitoshi, na valvu imeshaanza kulipa.