Mtani Aliyefungua Baiskeli ya Afande

Ieleweke kwanza kwamba baiskeli haikuwa na kosa. Ilikuwa Phoenix nyeusi ya inchi 28, breki za fimbo, kerea pana ya kubebea gunia, na Afande, fundi baiskeli tuliyekuwa tunamwomboleza, aliiacha imenyooka kama kila baiskeli iliyowahi kupita chini ya mwembe wake pale Isevya, Tabora. Aliyeiharibu ni mtani.

Afande alikuwa Mnyamwezi, na Mnyamwezi akifiwa, Mzaramo huwa na kazi. Ni utani wa tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, Wanyamwezi wakibeba mizigo. Siku ya tatu ya matanga akatokea mmoja, mwembamba, mdomo mpana. Akavaa koti la marehemu lenye grisi, akaweka kofia ya jeshi kichwani, akachomoa daftari kwenye sanduku la spana na kutangaza: "Nimerudi kuchukua changu! Wadaiwa wote simameni!"

Nusu ya waombolezaji wakainua macho kukagua maembe.

Wakaokolewa na mwandiko wa Afande. "Mama wa mihogo, spoki tano." "Kijana mrefu wa Gongoni, friwili." "Mwalimu, tairi la nyuma, asiulizwe." Jina hakuna, bei hakuna. Vijana warefu wa Gongoni walikuwa wanne pale, kila mmoja akamnyooshea kidole mwenzake. Pancha za wanafunzi hazikuandikwa kabisa, maana hazikuwa deni, na pampu aliifunga mnyororo kwenye shina la mwembe ili apitaye ajaze upepo mwenyewe bila kuomba. Hata hiyo pancha ya bure hakuilipua. Alipapasa tairi kwa ndani kwanza, kwani mwiba ukibaki mle kiraka kipya hakifiki sokoni. Akasugua tyubu kwa msasa mpaka ising'ae tena, akapaka solusheni nyembamba, akasubiri ikauke mpaka kidole kisinase, ndipo akabandika. Mwenye haraka aliambiwa: "Mimi nimetembea kwa miguu mpaka Kampala. Wewe unashindwa kungoja solusheni?"

Hilo alikuwa na haki ya kulisema. Jeshi la Amin lilipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, yeye alikuwa mgambo, akachukuliwa. Mutukula, Masaka, mpaka Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, askari wa miguu walikwenda kweli kwa miguu. Akarudi na kipande cha chuma kwenye goti la kushoto na kigugumizi cha hatua: moja ndefu, moja fupi. Habari nyingine za vita hakupenda kuzisimulia, ila jinsi ya kufungua bunduki ya SMG juu ya kitambaa, kila kipande kikilala kwa mpangilio wa kutoka kwake. Ekseli ya baiskeli aliifungua vilevile.

Mtani sasa akaiteka baiskeli. Ili ndugu wasimpokonye, akaivunja vipande: kanyagio, kota pini zinazoshika mikono ya kanyagio, fimbo za breki, gurudumu la nyuma, mpaka gololi. Kitambaa hakutandika. Gololi akazitia kwenye sahani tupu ya ubwabwa. Ndugu wakakomboa kwa jogoo mmoja, naye akakubali kuirudisha barabarani. Nikamnyooshea spana namba 15. Akanijibu: "Mzaramo hafundishwi na mbeba mizigo!" Watu wakacheka, nami nikakaa, maana katika utani hununi.

Ekseli ya nyuma ya baiskeli hiyo inakula gololi tisa kila upande, za robo inchi. Alipozihesabu zikawa kumi na saba. Sahani ilikuwa imeshapita jikoni. Akagawa tisa na nane, akakaza koni, zile nati zinazobana gololi.

Halafu kanyagio. Ya kulia hukazwa kama nati yoyote, lakini ya kushoto hukazwa kinyume, ili mzunguko wa mguu usiifungue njiani. Mtani akazibadilisha. Kanyagio ya upande usio wake haiingii, hung'ata kidogo na kugoma. Yeye akaona ni kutu. Akaomba nyundo na spana ndefu, akailazimisha mpaka thredi za ndani zikatoka kama unga. Fundi yeyote aliyesikia ule mlio alifumba macho.

Kota pini nazo. Kila moja ina ubavu mmoja uliochongwa bapa. Zinaingia kwa kupishana: nati ya moja ikitazama juu, ya mwenzake itazame chini. Zikiingia upande mmoja, mikono ya kanyagio hainyooki, mmoja unatangulia na mwingine unabaki nyuma. Zake zote mbili zilitazama juu.

Fimbo za breki akazisahau chini ya benchi.

Akapanda. Na kwa sababu ya zile pini, baiskeli ikaanza kuchechemea: mguu mmoja mrefu, mmoja mfupi, bega likishuka na kupanda. Uwanja ukalipuka. "Afande huyo! Afande mwenyewe!" Mjane, aliyekuwa edani, akafungua dirisha na kucheka mpaka akajishika ubavu. Wakamtuza noti, wengine wakamchomekea kofiani. Jamaa hakuwa anaigiza hata kidogo, alikuwa anapigana asianguke, lakini alipoona noti akaongeza mwendo.

Mzunguko wa pili kanyagio ya kushoto ikachomoka pamoja na kiatu. Akatafuta breki, akakuta hewa. Baiskeli ikakata kushoto, hendeli ikanasa kamba ya turubai, na upande mzima wa turubai ukawashukia wazee waliokuwa wanakula. Chini ya turubai zilisikika astaghafirullah za kila aina, kisha sauti moja kali: "Jino langu!"

Ndiyo, gololi. Ilikuwa kwenye ubwabwa wa mzee wa safu ya mbele.

Tangu hapo wapo wanaodai kwamba gololi iliyopungua ndiyo iliyomwangusha. Si kweli. Nane badala ya tisa zingekwaruza na kula koni polepole, lakini zingemfikisha hata stesheni. Kilichomwangusha ni kanyagio.

Jioni nikaifunga upya, pini zikipishana. Mkono wa kushoto wa kanyagio ulikuwa wa kutupa, nikapata mwingine kwenye debe la vyuma vya Afande. Ikabaki gololi moja. Mzee anayo, kaifunga kwenye leso, na haitoi mpaka Mzaramo alipe jino. Mzaramo anasema jino lenyewe lilikuwa bovu tangu kabla ya vita, na kwamba yeye pia anadai kiatu. Noti za kutuzwa zimewekwa kwa shekhe mpaka waelewane, na jogoo bado kafungwa kwenye kerea.