Msizime seva ya zamani kabla hamjatoa barua

Hii ni mara ya tatu naliona hili jambo hapa Mombasa na kila mara roho yauma, kwa hivyo leo wacha niandike. Kampuni inaamua kuhamisha imeli, inatoka kwa ile seva iliyokuwa ikivuma kwenye stoo ya nyuma na kwenda kwenye klaudi, kazi yafanywa Ijumaa jioni haraka haraka, Jumatatu asubuhi seva ya zamani ishazimwa na watu wafungua Outlook, ile programu ya imeli kwenye kompyuta, wakuta inboksi ina barua za juzi tu.

Hii ya mwisho ilikuwa ofisi ya kliaringi, wale wanaotoa mizigo bandarini, upande wa Mwembe Tayari. Mama mmoja wa hesabu, kila mteja ana folda yake, ndani nambari za kontena, invoisi, mabishano ya storeji, yote yamepangwa kama nguo kabatini. Akaniuliza polepole, "Mwanangu, barua zangu ziko wapi?" Fundi aliyehamisha alikuwa amemwambia asiwe na wasiwasi, faili ya OST bado iko kwenye kompyuta, giga 18. Na kweli ilikuwepo, lakini ukiipa Outlook iliyosetiwa kwa seva mpya haiitaki.

Hapo ndipo watu wengi wapotea. OST si bakapu jamani. Ni kivuli cha sanduku lililoko kwenye seva, Outlook yakiweka kwenye mashine ili usome barua hata neti ikikatika, na kivuli hicho kimefungwa na profaili iliyokitengeneza, yaani mipangilio ya akaunti ndani ya Outlook. Ukiseti profaili mpya ya seva mpya, Outlook yaanza OST nyingine kabisa na ile ya zamani yabaki hapo kama sanduku lisilo na ufunguo, na ukibadilisha jina liwe .pst haisaidii kitu, nimeona watu wakijaribu. PST, aina nyingine ya faili ya Outlook, ndiyo inayosimama yenyewe, waibeba kwa flashi, waifungua kwenye mashine nyingine ya Windows yenye Outlook ya kawaida.

Kilichotuokoa ni kwamba profaili yake ya zamani haikuwa imefutwa. Nikachomoa waya wa neti kwanza, hilo muhimu, isije ikaanza kutafuta seva mpya, nikafungua Outlook kwa profaili ile ile, ikafunguka ofulaini na folda zote zikajipanga pale kushoto, nikaeksipoti kila kitu kwenda PST pamoja na kalenda na anwani. Ilichukua tangu saa nne hadi alasiri, na mama hakutoka kitini, chai imepoa mbele yake, macho kwenye ule mstari wa kijani.

Mwenzake wa meza ya pili hakupata bahati hiyo. Tangu Outlook 2013 kuna mpangilio wa kuchagua barua za muda gani zikae kwenye kompyuta, na mara nyingi huwa ni miezi 12 mtu asipougusa. Kwa hivyo OST yake ilikuwa na mwaka mmoja tu, yote ya nyuma yalikuwa kwenye seva, na diski za seva zilikuwa zishafomatiwa. Na hapa Kenya Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 yataka rekodi zikae miaka 5. Akija mkaguzi utamwambia nini?

Mimi msimamo wangu ni huu, bosi asikubali seva izimwe mpaka kila mfanyakazi amefungua sanduku lake jipya na kuonyesha barua yake ya zamani kabisa. Iacheni iwake hata mwezi, stima yake ni kidogo ukilinganisha na faili iliyopotea. Na zile tovuti zinazosema pakia OST yako tukubadilishie bure, tafadhali, hizo ni siri za wateja wenu mnampa mtu msiyemjua. Programu za kulipia zinazofanya kazi zipo, lakini jaribu toleo lake la majaribio kwanza uone kama folda zaonekana, na kabla hujaigusa OST ifanyie kopi pembeni, hata kama ni skanpst, kile kifaa cha Microsoft yenyewe cha kurekebisha faili hizi, unataka kuitumia, kwa sababu hiyo ikirekebisha huweza kutupa vitu vilivyoharibika.

Kompyuta ya yule mama bado haijafomatiwa. Nimebandika karatasi juu ya kioo, "USIGUSE", na PST yake iko kwenye hadidiski mbili, moja ofisini na moja kabatini kwake nyumbani Majengo.