Ndiyo, wa&o&& ni mimi

Kwa kuwa rafiki yangu ameshaisambaza ile picha ya insha yangu iliyorushwa ukutani darasani, na jana peke yake watu tisa wameniuliza "habari & wewe?", bora niwasimulie mwenyewe. Kwanza kabisa, sikuzimia. Nilikaa chini. Aliyewaambia nilizimia alikuwa safu ya nyuma, kajifunika uso kwa daftari anacheka, hakuona kitu.

Insha yenyewe ilihusu namna vijana wanavyosalimiana mitandaoni. Mwalimu wetu ni mpole kwa kila jambo isipokuwa marejeleo. Anataka mtindo wa APA (kanuni za kutaja vyanzo za Chama cha Saikolojia cha Marekani), toleo la 7, lile lililotoka 2019. Ukimwandikia mji wa mchapishaji anakuuliza kama unapanga kwenda kumtembelea, maana toleo hilo limeshauondoa mji. Kazi yangu ya kwanza ilirudi na duara jekundu kila mahali nilipoandika "na" ndani ya mabano. Ukiwataja waandishi wawili katikati ya sentensi, waunganishe kwa "na". Ukiwaweka kwenye mabano, au kwenye orodha ya mwisho, ni "&". Wakifika watatu, ndani ya insha anatajwa wa kwanza, waliobaki ni "na wenzake". Basi. Niliielewa kanuni, naapa. Kuelewa hakukuwa tatizo langu.

Tatizo lilikuwa saa. Ilibaki dakika kumi na mbili kabla ya saa sita usiku, na saa sita kamili mfumo wa kupokea kazi unajifunga. Jioni nzima nilikuwa nahangaika na ile orodha ya marejeleo, ambayo mstari wa kwanza unakaa ukingoni na inayofuata inaingia ndani sentimita 1.27. Nilikuwa naisukuma kwa kugonga kitufe cha nafasi mara saba, mstari mmoja mmoja, na nikibadilisha ukubwa wa herufi yote inatawanyika. (Najua kuna amri moja inayofanya hivyo kwa mkupuo. Nimeshatumiwa maelekezo na watu kumi na nne. Inatosha.) Ndipo nikakumbuka "&".

Mwenye akili angepitia mabano yake moja moja. Mimi nikafungua kile kidirisha cha kutafuta na kubadilisha. Juu nikaandika na. Chini nikaandika &. Kando pana kijisanduku cha "maneno kamili tu". Nilikiona, nacho kikaniona, tukapishana kama watu wanaodaiana. Nikabofya "badilisha zote".

Kompyuta ikajibu: mabadiliko 614.

Jamani. Nilikuwa na vyanzo 11. Kumi na moja! Badala ya kushtuka nikajipongeza: kumbe nimetaja watu wengi hivi, mwalimu atafurahi. Nikapakia, nikalala usingizi mnono.

Asubuhi mwalimu ana kawaida ya kuirusha kazi moja ukutani kwa projekta ili darasa zima lijifunze. "Leo tutaanza na hii," akasema, kwa upole. Upole ule ningeujua mapema ningeomba ruhusa ya kwenda chooni nisirudi.

Jalada likatokea, herufi kubwa kama za bango:

&m& Vija& Wa&vyosalimia& Mitandaoni

Chini yake: Ji& la mwa&funzi. &mba ya usajili. Jina la baba yangu, ambalo babu alimpa bila kasoro yoyote, likaning'inia pale limefungwa kitanzi mkiani.

Hakuna aliyecheka. Hicho ndicho watu hawasimulii. Kwa muda kama wa pumzi tatu kilichosikika ni feni ya projekta tu, na mimi nikaiombea kwa moyo wangu wote iwe imeharibika. Mwalimu akaanza kuzungusha gurudumu la kipanya taratibu, kama mtu anayefungua barua ya msiba. Ukurasa wa pili. Wa tatu. Vitanzi vinapanda ukutani kama siafu. Kwenye marejeleo, "Sanaa" imekuwa "Sa&a". Akarudi juu.

"Hebu simama utusomee sentensi ya kwanza, mwanangu."

Nikasimama. Ukutani paliandikwa hivi: Vija& wa&pokuta& mitandaoni, salamu i&kuwa fupi & hai& heshima ya a& kwa a&.

Nikafungua mdomo, nikagundua jambo ambalo shetani mwenyewe ndiye aliyeninong'oneza. Alama ile husomwa "na". Kwa hiyo nilisoma sentensi yote bila kujikwaa, kwa lafudhi safi, hadi nukta. Ingekuwa redioni nisingegundulika. Na badala ya kukaa, nikaongeza: "Mwalimu, lakini inasomeka."

Hapo ndipo darasa lilipopasuka.

Mwalimu hakucheka. Akasubiri. Kisha akaelekeza kidole mstari wa tatu. "Na neno hili?"

wa&o&&

"Wanaonana," nikasema, sauti imeshaanza kuniacha.

"Hivi viwili vya mwisho vinafanya nini pale?"

Wallahi sikupanga. Mdomo ulijibu wenyewe: "Vinaonana, mwalimu."

Ndipo nilipokaa. Kukaa, sio kuzimia, andikeni hivyo.

Akasema mahali pekee nilipopatia ni ndani ya mabano. Sidhani ilikuwa sifa.

Yaliyobaki hayana utamu. Kurekebisha kulichukua dakika mbili: nikaigeuza amri ileile kinyume, kisha nikarudisha "&" kwenye mabano na kwenye marejeleo kwa mkono, kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Kila "Namna" iliyoanza sentensi ilirudi na herufi ndogo, nikaziwinda zote. Nikakatwa alama tano za kuchelewa. Mama amepigiwa simu na mtu ambaye sitamtaja lakini anasoma hapa, na sasa akinitumia ujumbe anamalizia "nakupenda, mwa&ngu".

Leo kazi imerudishwa. Chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, mwalimu kaandika: "Afadhali. Panga upya kurasa & uwasilishe Ijumaa."

Nimeigeuza karatasi, nimeisogeza kwenye mwanga, nimetafuta kila upande. Hakuna mabano.