Vifo vitatu katika mia ambavyo jicho la daktari haliwezi kuviona

Mzazi anayelalamika kwamba mwanawe amelazwa tangu asubuhi na hata dripu hajatundikiwa hasemi jambo la kushangaza. Katika jamii zetu dripu ni ishara kwamba hospitali imeanza kazi. Kwa miaka mingi mabingwa wa Ulaya na Marekani nao walishikilia imani inayokaribiana na hiyo: mtoto mwenye homa kali ambaye mikono na miguu yake imekuwa ya baridi, mapigo ya moyo yanakwenda mbio na fahamu zinampotea, apewe maji mengi ya mshipani kwa haraka, tena ndani ya saa ya kwanza. Hoja yao ilikuwa na mantiki. Maambukizi makali huvuruga mzunguko wa damu, viungo vya ndani vikakosa damu ya kutosha. Kwa hiyo ukiongeza ujazo ndani ya mishipa, moyo utapata cha kusukuma.

Mantiki hiyo ilikuja kupimwa barabara katika Afrika Mashariki. Kati ya Januari 2009 na Januari 2011, jaribio la kitabibu lililopewa jina la FEAST, likiongozwa na daktari wa watoto Kathryn Maitland, aliyefanya kazi Kilifi kwa muda mrefu, liliendeshwa katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Teule ya Muheza nchini Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011 katika jarida la New England Journal of Medicine, na mimi ninaamini kwamba hakuna mfano bora zaidi, hasa kwetu, wa kuonyesha kwa nini takwimu ni sehemu ya tiba yenyewe, wala si pambo linalobandikwa kwenye ripoti baada ya kazi kwisha.

Tuanze na hali ilivyokuwa kabla ya jaribio, kwa sababu ndiyo inayosahaulika. Katika hospitali nyingi za Afrika watoto wa aina hii hawakuwa wakipewa maji ya haraka kwa kawaida. Walipewa dripu ya polepole ya kukidhi mahitaji ya mwili, dawa za malaria, antibayotiki, na damu kwa wale walioishiwa damu. Wapo waliouona huu kuwa unyonge wa hospitali maskini, na wakauliza kwa nini mtoto wa Soroti anyimwe kile anachopata mtoto wa Chicago. Ushahidi uliotajwa mara nyingi kuunga mkono maji ya haraka ulikuwa utafiti wa Marekani wa mwaka 1991 uliohusu watoto 34, ambamo waliopewa maji mengi zaidi katika saa ya kwanza walionekana kupona zaidi. Watoto 34, na hakuna aliyegawa kwa nasibu nani apewe kingi na nani kidogo. Juu ya msingi mwembamba hivyo ulijengwa mwongozo uliotumika katika mabara mawili.

Katika jaribio la FEAST, mtoto alipofika akiwa na homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu, daktari alifungua bahasha iliyofuata katika mpangilio wa namba. Bahasha ilikuwa imefungwa na haionyeshi kilichomo. Ndani yake kulikuwa na jibu moja kati ya matatu: apewe maji ya chumvi kwa haraka, apewe albumini (myeyusho wa protini ya damu) kwa haraka, au asipewe maji ya haraka na aendelee na dripu ya kawaida. Matibabu mengine yote yalibaki sawa. Kwa kuwa hapakuwa na muda wa kumweleza mzazi kila kitu huku mtoto akipigania pumzi, idhini fupi ya mdomo ilichukuliwa kwanza, na idhini kamili ikaombwa baadaye hali ilipotulia.

Watu wengi huiona bahasha hiyo kama ukatili. Mimi naiona kama kitu pekee kilicholifanya jaribio liwe na maana. Daktari mzuri, akiachiwa hiari, humpa maji yule anayemwona yuko taabani zaidi, au pengine yule ambaye bado ana matumaini, na kwa vyovyote vile makundi mawili yatakayopatikana yatakuwa yametofautiana tangu mwanzo. Ukija baadaye kulinganisha vifo, hutajua kama umepima maji au umepima busara ya daktari aliyechagua. Bahasha haimjui mtoto. Ikiwa watoto ni wengi vya kutosha, wenye malaria, wenye nimonia, waliocheleweshwa nyumbani na waliotoka mbali watagawanyika karibu sawa katika makundi yote, pamoja na tofauti ambazo hakuna aliyezifikiria, na tofauti yoyote kubwa itakayojitokeza mwishoni itabaki na maelezo mawili tu: tiba yenyewe au bahati.

Matokeo yalikuwa haya. Ndani ya saa 48, waliofariki katika kundi la albumini walikuwa 111 kati ya 1,050, sawa na asilimia 10.6. Katika kundi la maji ya chumvi walikuwa 110 kati ya 1,047, asilimia 10.5. Katika kundi ambalo halikupewa maji ya haraka walikuwa 76 kati ya 1,044, asilimia 7.3. Tiba iliyodhaniwa kuokoa ilikuwa inaua. Kamati huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu ilipendekeza uandikishaji usimamishwe kabla idadi iliyopangwa ya watoto 3,600 haijafikiwa, na jaribio likaishia kwa watoto 3,141.

Tuzitazame namba hizo kwa makini, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha ninachotaka kusema. Tofauti ni kama vifo vitatu katika kila watoto mia. Chukua wodi inayopokea watoto mia moja wa aina hii, na uchukulie kwamba hatari ya kweli ya kufa ni asilimia 7. Hesabu ya kawaida ya uwezekano inaonyesha kwamba vifo katika wodi hiyo vinaweza kuangukia popote kati ya 2 na 12 bila kitu chochote kubadilika, kwa bahati tu. Sasa wape watoto mia wanaofuata maji ya haraka, na vifo vifike 10. Muuguzi mkuu hatashtuka. Daktari bingwa mwenye uzoefu wa miaka ishirini hatashtuka, kwa sababu amekwisha kuona miezi mibaya kuliko huo. Uzoefu wake haumdanganyi. Tofauti ya ukubwa huo haionekani kwa mtu mmoja anayesimama kando ya kitanda, hata awe hodari namna gani. Ilihitaji watoto zaidi ya elfu tatu na hospitali sita ili sauti hiyo ndogo isikike juu ya kelele za bahati.

Lipo jambo lingine linalonitia hofu zaidi kuliko hilo. Saa moja baada ya matibabu kuanza, dalili za mshtuko wa mzunguko wa damu zilikuwa zimetoweka kwa asilimia 43 ya waliopewa maji ya haraka, na kwa asilimia 32 tu ya wasiopewa. Yaani daktari aliyesimama pale, akiibonyeza kucha ya mtoto na kuhesabu sekunde mpaka rangi irudi, aliona kwa macho yake kwamba dripu imefanya kazi. Mikono ilipata joto. Mzazi alipumua. Kisha, saa kadhaa baadaye, watoto wa kundi hilo walikufa kwa wingi zaidi. Uchambuzi uliofanywa na timu hiyohiyo na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba vifo vya ziada vilitokana zaidi na kuporomoka kwa moyo na mzunguko wa damu, wala si mapafu kujaa maji kama wengi walivyotarajia.

Ndiyo maana ninashuku kila dawa, chakula cha kuongeza nguvu au kifaa kinachosifiwa kwa kuboresha kipimo cha kati, yaani kushusha namba fulani kwenye damu au kupandisha nyingine, pasipo kuonyeshwa kwamba watu wanaishi muda mrefu zaidi au wanaumwa kidogo zaidi. Kipimo cha kati ni rahisi kupatikana na huja mapema, na kwa sababu hiyo kinapendwa na wenye haraka ya kuuza. Anayepaswa kuulizwa swali ni yule anayekileta, na swali ni moja tu: waliopewa na wasiopewa, wangapi wako hai?

Kuhusu namna ya kuripoti, nina malalamiko na wenzetu wa vyombo vya habari. Matokeo ya FEAST yanaweza kuandikwa kwamba maji ya haraka yaliongeza hatari ya kifo kwa asilimia 45, na yanaweza kuandikwa kwamba yaliongeza vifo vitatu katika watoto mia. Sentensi zote mbili ni za kweli. Ya kwanza hupata kichwa cha habari, ya pili humsaidia msomaji kupima uzito wa jambo, na mwandishi mwaminifu ataziweka zote mbili pamoja na kiwango cha shaka: makadirio ya ongezeko hilo yalikuwa na kingo za asilimia 13 kwa chini na 86 kwa juu. Hata ukingo wa chini ni madhara. Hilo ndilo lililowapa watafiti ujasiri wa kusema waliyoyasema.

Wakosoaji hawakukosekana. Wapo waliosema kwamba matokeo hayawahusu watoto wa nchi tajiri, kwa kuwa wengi wa watoto wa jaribio, asilimia 57, walikuwa na malaria, na hospitali zetu hazikuwa na vyumba vya wagonjwa mahututi. Hoja ya pili ina uzito, na sidhani inaweza kufutwa kwa mkato. Ya kwanza ni dhaifu zaidi, maana watafiti walichambua wenye malaria na wasio nayo, wenye upungufu mkubwa wa damu na wasio nao, na hawakupata kundi hata moja ambalo maji ya haraka yaliwanufaisha. Niongeze hapa, asije mtu akasoma vibaya: watoto wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa katika jaribio. Mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuharisha anahitaji maji, na hakuna lolote katika namba hizi linalosema vinginevyo.

Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake wa huduma ya dharura kwa watoto mwaka 2016, miaka mitano baada ya matokeo kuchapishwa, likielekeza kwamba mtoto mwenye homa kali na dalili moja au mbili tu za mzunguko hafifu asipewe maji ya haraka. Miaka mitano ni mingi. Kwa wale wenye dalili zote tatu, yaani miguu na mikono baridi, rangi ya kucha inayochelewa kurudi kwa zaidi ya sekunde tatu, na mapigo dhaifu ya haraka, mwongozo bado unaruhusu maji, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi na kwa muda wa nusu saa hadi saa nzima.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodhani suala limefungwa upande wowote. Watoto wenye dalili zote tatu ndani ya FEAST walikuwa 65 tu. Kati ya 50 waliopewa maji ya haraka walifariki 24, na kati ya 15 wasiopewa walifariki 3. Macho yanaona asilimia 48 dhidi ya 20 na kutaka kutoa hukumu papo hapo, lakini kwa watoto 65 bahati peke yake inaweza kuzaa pengo kama hilo, na takwimu zilezile zilizotufundisha kuamini tofauti ndogo ya watoto elfu tatu ndizo zinazotukataza kuiamini tofauti kubwa ya watoto sitini na tano. Anayesema maji yawaondolewe kabisa hana ushahidi wa kutosha, na anayesema waendelee kupewa kwa sababu ndiyo desturi ana ushahidi mdogo zaidi. Kinachotakiwa ni jaribio jingine, kubwa, litakalowahusu watoto hao peke yao, na sioni sababu kwa nini lisipangwe na kuchambuliwa na watu wa Muheza, Mbale na Kilifi.