Msimwite mlafi

Mpwa wangu alinionyesha video ya aisopodi mkubwa, yule mdudu wa bahari kuu aliye kama mende aliyevaa deraya, miguu 14, akimtafuna mamba. "Mjomba, ona ulafi huo!" Nilimkatalia palepale na bado nakataa.

Ile video ni ya mwaka 2019. Wanasayansi walizamisha mizoga ya aligeta, mamba wa Marekani, kwenye Ghuba ya Mexico, kina cha kama mita 2,000. Walidhani ngozi ile ngumu ingewachelewesha walaji. Wapi! Haikupita siku moja, aisopodi walikuwa wameshaitoboa na wako nyamani. Na wakila hao, hula hadi kutembea kwenyewe kunakuwa taabu.

Lakini hebu fikiria jiko lao. Jua halifiki, mwani hauoti. Kinachowashukia ni vumbi la viumbe waliokufa huko juu, pamoja na vinyesi, na lenyewe limeshapita midomo mingi njiani. Mzoga mzima ni kama harusi ya kijiji kizima, na haijulikani nyingine itafungwa lini. Wewe ungekula kwa kijiko?

Binamu zao amfipodi, wadogo wenye umbo la kamba, wameenda mbali zaidi. Kwenye shimo la Challenger, sehemu yenye kina kuliko zote katika Mfereji wa Mariana, Bahari ya Pasifiki, karibu mita 11,000 chini, wapo wenye vimeng'enya vya kugeuza mbao kuwa sukari. Mbao! Hapo ndipo ninapopata uchungu, maana asiyechagua hula na takataka zetu. Mwaka 2020 amfipodi mmoja wa mfereji huohuo alipewa jina la kisayansi Eurythenes plasticus, kwa kuwa tumboni mwa mwenzao ilikutwa plastiki ileile ya chupa za maji.

Mpwa wangu hakukubali. Nikamsimulia habari za aisopodi wa akwariamu ya Toba, Japani. Tarehe 2 Januari 2009 alikula samaki mdogo wa gramu 50. Baada ya hapo, basi. Wahudumu walimletea samaki, akawapapasa na kuwaacha. Alikaa hivyo miaka 5 na ushei, akafa Februari 2014.

"Kwa njaa?"

Ndivyo wengi walivyodhani. Walipompasua walikuta tumboni majimaji tu, hakuna kipande cha chakula, na mwili haujakonda: kilo 1 yake ipo.

Mpwa wangu akairudisha video mwanzo.